Wimbo Uliohamishwa Chumba

Nilifikaje Hamahama, hiyo tuiache. Nikianza kueleza njia mtabishana kuhusu njia, na nchi yenyewe itapita hivi hivi. Jueni tu kwamba nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, nyumbani wamenichoka na mimi mwenyewe nimejichoka, nikatoka. Nikajikuta huko.

Kitu cha kwanza nilichojifunza Hamahama ni kwamba mtu hana jina. Ana mlango. Nilimkuta mama mmoja anachambua mchele barazani kwake, nikamwamkia.

"Shikamoo mama. Mimi naitwa Festo."

"Marahaba. Festo ni mtaa gani?"

"Si mtaa, mama. Ni jina langu."

Akaniangalia kwa huruma, kama unavyomwangalia mtoto aliyevaa viatu kinyume. "Umechoka wewe. Kaa kwenye hilo benchi kwanza." Nikakaa. "Haya, sasa una jina. Karibu, Benchi."

Toka hapo mpaka naondoka niliitwa Benchi. Yeye aliitwa Mlango wa Bluu, kwa sababu mlango wake ulikuwa wa bluu, na mimi nikawa namwita Bi Bluu. Alikuwa mkunga. Alinipa chai na mihogo, akanipa chumba cha uani, na hakuniuliza naondoka lini. Nyumbani swali hilo nilikuwa naulizwa kila asubuhi, tena na watu wanaonipenda.

Sasa ngoja niseme sheria yao, maana bila hiyo kesi haieleweki. Watu wa Hamahama wanaamini kuhama ndiyo maendeleo. Kila mkuu mpya akiingia ofisini anaipanga nchi upya. Nyumba zinapakwa rangi nyingine, zinaandikwa maneno mengine, na mtu anakuwa vile mlango wake unavyosema. Ukiamka mlango wako umeandikwa Mganga, wewe ni mganga, watu wanapanga foleni na wagonjwa wao. Jaji wao, ambaye nilikuja kumfahamu, alikuwa kinyozi mpaka rangi zilipobadilishwa. Kazi aliifanya kwa moyo wote, siwezi kumsema vibaya, ila mshtakiwa akisimama mbele yake alikuwa anaangalia kwanza kisogo.

Na vitu vivyo hivyo. Nchi ina Bohari moja, jumba la mashine zinazovuma kama friji, na ndani ya hizo mashine zimehifadhiwa nyimbo, picha, masomo, ramani, kila kitu. Ukitaka kitu unauliza kwa simu, simu inauliza Bohari, kinakuja. Ndani ya mashine wamegawa vyumba, na kila chumba kimeandikwa ruhusa yake. Hiki cha wote bure. Hiki cha biashara. Hiki cha jeshi. Hapo ndipo penye wazimu, kwa sababu ruhusa imeandikwa kwenye chumba, kwenye kitu chenyewe haijaandikwa. Wana hadi msemo wa mahakamani: haki hukaa chumbani, kitu ni mgeni. Kikihamishwa, kinashika sheria za kule kilikofikia, na mwenye chumba ndiye mwenyewe. Kuna ramani ya kisima cha kijiji fulani siku hizi ni siri ya jeshi, kwa sababu fundi alikosa nafasi kwingine. Wanakijiji wanachota maji pale kila siku, ila mgeni akiuliza kisima kiko wapi wanatakiwa kumwambia hawajui, huku ndoo ziko kichwani.

Na kama kitu kimehamishwa na wewe hujui chumba kipya? Unaenda Idara ya Haipo.

Idara ya Haipo ndiyo kubwa kuliko idara zote Hamahama. Ina ghorofa, ina mkurugenzi, ina semina zenye soda na sambusa. Kazi yake ni moja. Unafika dirishani, unataja kitu chako na chumba kilipokuwa, karani anaangalia palepale kilipokuwa, halafu anasema, "Haipo." Anakugongea muhuri. Kisheria, kikishagongewa muhuri huo hakijawahi kuwapo. Nilimuuliza karani mmoja kwa nini wasitafute vyumba vingine. Aliitwa Dirisha la Pili, msichana wa umri wangu, mpole tu. Akanijibu, "Kaka, kutafuta ni idara nyingine." Nikauliza ni ipi. Akapiga simu kuulizia, akarudi akasema haipo.

Basi. Bi Bluu alikuwa na wimbo.

Usidhani ni wimbo wa harusi. Ulikuwa wa kumwongoza mwanamke anayejifungua, apumue lini, azuie lini, asukume lini. Alifundishwa na mkunga wa zamani, Siwatu, wa enzi ambazo watu wa huko bado walikuwa na majina. Bi Bluu akaurekodi kwa sauti yake akauweka Bohari. Huko milimani, mkunga asikofika, mume anashika simu, wimbo unaimba, mke anaufuata. Unaanza hivi:

Huu ni wa Siwatu, mimi nimeazimwa tu.
Pumua kama unapoza uji, mama, kama unapoza uji.
Usisukume bado, njia inajifungua.

Masharti yake yalikuwa mepesi. Kila mtu aucheze bure, mtu asiuuze, na mstari wa Siwatu usikatwe. Aliuweka kwenye chumba kilichoandikwa hivyo hivyo, akarudi kwake kuzalisha watu.

Akaingia mkuu mpya. Fundi wa Bohari akauhamishia wimbo chumba cha matangazo ya biashara, eti kule nako kulikuwa na sauti za wanawake. Mwenye chumba alikuwa muuza sabuni, anaitwa Duka la Pembeni. Mstari wa Siwatu ukakatwa, na mwisho pakaongezwa kengele na sauti ya mtoto anacheka: "Pumua, mama, kwa sabuni yenye povu." Watu wa milimani wakiuliza kwa chumba cha zamani wanajibiwa Haipo. Wakiuliza kwa chumba kipya wanatakiwa walipie kwanza, usiku, mvua inanyesha, mke ameshika kitanda. Na Bi Bluu mwenyewe akashtakiwa, kwa sababu aliuimba kwa jirani aliyekuwa anajifungua, mtu akasikia dirishani. Kosa lake liliitwa kuimba tangazo la mwenzie bila ruhusa.

"Ukishindwa?" nilimuuliza tukiwa tunakwenda mahakamani.

"Nikishindwa nakaa kimya. Mikono yangu inajua kazi, Benchi, lakini mwanamke akiwa kwenye uchungu anataka asikie kitu. Sijawahi kuzalisha kimya." Akatembea kidogo. "Mimi nitachambua hata mchele wa watu, nitakula. Kule mlimani ndiko kwenye taabu. Walikuwa wakinipigia nawaimbia kwenye simu. Sasa hata hiyo ni kesi."

Duka la Pembeni tulimkuta ameshafika. Mwanamume msafi, shati limenyooka, ananukia bidhaa yake. Akamwamkia Bi Bluu shikamoo kabisa, akampisha kiti.

"Mama yangu, mimi sikuiba, na wewe unajua," alisema kesi ilipoanza. "Nimeamka nimeukuta chumbani kwangu. Angekuwa mbuzi ningemrudisha, mbuzi ana alama sikioni. Wimbo una sikio?"

Watu wakacheka. Jaji akagonga meza. "Mshtakiwa, geuka kidogo." Bi Bluu akageuka. Jaji akatazama kisogo, akatingisha kichwa kama aliyeridhika, akasema endelea.

"Mheshimiwa, wimbo nimeuimba mimi," alisema Bi Bluu. "Sauti ni hii hii unayoisikia. Niuimbe?"

"Usiimbe, utaongeza kosa. Ulikuwa chumba gani?"

"Cha nne, upande wa mashariki."

Dirisha la Pili alikuwa ameitwa kama shahidi wa serikali, na muhuri wake ameupakata. Akapiga simu Bohari, akasikiliza. "Haipo, mheshimiwa."

"Basi haujawahi kuwapo," alisema jaji, na nilimwona anachukua kalamu.

Kalamu haijagusa karatasi, mlango ukafunguliwa, wakaingia wapaka rangi na ndoo zao. Kumbe asubuhi ile mkuu mwingine alikuwa ameapishwa. Mahakama nzima ikasimama kwa heshima. Tarishi akasoma mitaa iliyobadilishwa, moja baada ya nyingine, kwa sauti ile ile unayosomewa matangazo ya misiba redioni. Iliyokuwa nyumba ya Jaji sasa ni Duka la Pembeni. Lililokuwa Duka la Pembeni sasa ni nyumba ya Jaji.

Hakuna aliyebisha. Wale wawili wakabadilishana viti kama watu wanaopishana kwa kinyozi. Yule muuza sabuni akavaa joho, likambana mabegani. Yule aliyekuwa jaji akakaa upande wa mlalamikaji, akakohoa, akasema, "Mheshimiwa, naomba tuendelee. Wimbo ni wangu. Na sabuni."

Jaji mpya alikuwa bado anatafuta pa kuweka mikono. "Sabuni ipi?"

"Hiyo yenye povu."

"Hiyo nimeipika mimi. Nimebabuka mikono nikitafuta kipimo cha mafuta. Mke wangu ndiye aliyechagua harufu."

"Sikatai, mheshimiwa. Ila mimi nimeamka nimeikuta."

Jaji mpya akaitazama mikono yake, kwa juu na kwa chini. "Kwa hiyo leo nikirudi nyumbani nikachemsha mafuta yangu..."

"Itakuwa kosa. Ukiniomba ruhusa nitakufikiria, mimi si mtu mbaya."

Mimi nilicheka. Nikatolewa nje, halafu nikarudishwa, kwa sababu nje hapakuwa na benchi, na askari alisema akiniacha pale nitakuwa si mtu. Bi Bluu hakucheka. Alikuwa anamwangalia yule jaji mpya vile mkunga anavyomwangalia mwanamke ambaye uchungu ndio kwanza umemshika.

Jaji akasema hatahukumu mpaka ajue jambo moja. "Katika nchi hii, ni kitu gani kinahamishwa na bado kinajulikana ni cha nani?"

Mmoja akasema mbuzi. Mbuzi tulishawasema. Hapo mimi, sijui nani alinituma, nikanyoosha mkono.

"Sema, Benchi."

"Kwetu nina namba ya mtihani," nikasema. "Niliandikishwa nikiwa nakaa kwa mjomba. Nikahamia kwa bibi, nikarudi kwa mama. Namba ni ile ile."

"Imeandikwa mtaa wa mjomba wako?"

"Hapana."

"Jina la mkuu wa shule?"

"Hapana. Haina habari yoyote ya mahali ninapokaa. Kazi yake ni kusema huyu ni huyu, basi. Mengine yamefungwa kwenye hiyo namba, niwe wapi niwe wapi."

"Unaipenda?"

"Siipendi hata kidogo, mheshimiwa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu popote nitakapokuwa itanipata."

Jaji akaegemea kiti. "Hiyo hiyo," alisema. "Tunaitaka ya nyimbo."

Sasa mjadala ulioanza hapo sijawahi kuona mfano wake. Mkurugenzi wa Idara ya Haipo alisimama akasema yeye hapingi kitu kupewa jina lisilobadilika, mradi jina hilo lioneshe chumba. Bi Bluu akamuuliza, chumba kikibadilika? Mkurugenzi akasema basi lioneshe rangi. Rangi ikibadilika? Basi lianze na jina la mkurugenzi aliye madarakani, kwa heshima. "Na ukitoka, baba?" Mkurugenzi akakaa. Akasimama tena baadaye kuuliza kama kuna posho.

Mwisho walikubaliana jina lisiwe na maana kabisa, ili pasiwe na kitu ndani yake cha kuchakaa. Wakaandika maneno kwenye vikaratasi, wakavitia kwenye bakuli, wakachomoa vitatu. Wimbo wa Bi Bluu ukaitwa Kijiko-Tisa-Mvua. Mkurugenzi akalalamika, wimbo wa uzazi unaitwaje Kijiko. Jaji akamwambia, "Mzee, jina si maelezo. Wewe jana ulikuwa unaitwa Ghorofa."

Wakafunga masharti kwenye jina lenyewe, maneno ya Bi Bluu kama alivyoyasema, bure kwa wote, mtu asiuuze, Siwatu asikatwe. Na wakaweka Mwelekezi, mtu mmoja pale Bohari ambaye kazi yake ni kujua jina fulani leo liko chumba gani. Wakuu waendelee kuhamisha watakavyo, mila ni mila, ila anayehamisha bila kumwambia Mwelekezi atakaa dirishani yeye mwenyewe, amwambie mwenye shida Haipo, wakitazamana.

"Na Idara yangu itafanya kazi gani?" aliuliza Mkurugenzi.

"Mtasema kitu kilipo."

"Hilo litahitaji semina."

Kesi ya Bi Bluu ikafutwa. Sabuni nayo ikapewa jina, la pili siku hiyo, na jaji akarudi nayo nyumbani.

Siwadanganyi kwamba nchi nzima ilibadilika. Watu wenyewe bado wanaitwa kwa milango, na yule kinyozi mara ya mwisho nilipomwona alikuwa Nahodha, bahari yenyewe hawana. Majina yalianza kutolewa Bohari kwa mwenye kuomba tu, na foleni ilikuwa ndefu. Ile ramani ya kisima, kwa mfano, jeshi lilisema litaiombea jina likipata nafasi. Lakini haikuchukua muda mkuu mwingine akaingia, vyumba vikapanguliwa, na mimi na Bi Bluu tukaenda kusimama karibu na Dirisha la Pili tusikie. Mwanamume akapiga simu kutoka milimani, pumzi zinamkata, akataja Kijiko-Tisa-Mvua. Dirisha la Pili akamuuliza Mwelekezi. Akaunganisha. Tukasikia masharti yanasomwa harakaharaka, halafu ile sauti ya Bi Bluu ya ujana: huu ni wa Siwatu, mimi nimeazimwa tu. Bi Bluu akanishika mkono, akaniuliza kama tumebakiwa na sukari nyumbani.

Siku ile ile akatoa wimbo wa pili. Sikujua kama anao. Huu ni wa mtoto aliyezaliwa hana pumzi. Mama yake anaimbiwa, na ndani ya wimbo linatajwa jina la mtoto.

"Wa wote bure?" aliuliza Dirisha la Pili.

"Hapana."

"Wa biashara?"

"Hapana, mwanangu."

"Jeshi?"

"Jeshi la nini."

"Basi mama, hakuna chumba. Nitagonga Haipo."

"Usigonge. Upe jina kama wenzake, uandike usichezwe. Huu hauchezewi mtu asiyejulikana. Mtu akiuliza, mwambie upo, na umwambie mimi nilipo."

"Sasa kama hauchezwi, jina la nini?"

Bi Bluu alisubiri vikaratasi vichomolewe, akalikariri jina, akawapigia watu wa milimani akawapa.

Zikapita wiki. Mlango wake ukapakwa njano, akawa anaitwa Njano, mimi ulimi ukakataa, nikaendelea na Bi Bluu. Jioni moja tunakula, simu ikaita. Alikuwa Dirisha la Pili, anaongea polepole kama mtu anayepita na trei ya vikombe.

"Mama, kuna mwanamke ameuliza ule wa pili. Nimemwambia upo. Nimemwambia mwenyewe yupo, nimuulizie. Nimesema sawa?"

"Umesema sawasawa. Niunganishe."

Akanawa mkono, akaweka simu mezani kati yetu, kwa sababu sikio lake moja halisikii vizuri. Kwanza tulisikia upepo tu.

"Pole mama," alisema Bi Bluu. "Mtoto anaitwa nani?"

"Hakufika mlangoni," ilisema sauti. Ilikuwa ya mtu mdogo, labda ananizidi mwaka. "Hana jina. Wamesema hajawahi kuwapo."

"Nani kasema?"

"Watu. Sheria."

"Waache. Alipokuwa tumboni, wewe mwenyewe, mko wawili tu, ulikuwa unamwitaje?"

Upepo tena. Nikajua kuna mtu anafikiria kama atachekwa. Halafu akalitaja.

"Niliimbe?" aliuliza Bi Bluu. "Wimbo ni wangu, jina ni lako. Usiponiruhusu siliimbi."

"Imba," alisema. Baadaye kidogo akaongeza, "Na mwingine akija akaupiga huu, litakuwemo?"

"Halitakuwemo. Yeye atakuja na lake."

Bi Bluu akaimba, chakula kinapoa, na katikati ya wimbo yule mwanamke akaanza kuitikia. Jina nililisikia vizuri, ni jina zuri. Ila mimi sikuruhusiwa, kwa hiyo siliandiki.